Shali ya maganda ya vitunguu



Kiangazi kimeingia. Sisi wa Bukavu tunajua maana yake: mchana vumbi, na alfajiri ile baridi inayoshuka toka milimani, inayomfanya mtoto mchanga akohoe kabla jua halijatoka. Mji wetu uko juu, karibu mita 1 500, na mgeni wa Kinshasa akifika hapa mwezi wa 7 anaomba triko kabla ya kuomba chai. Kwa hiyo wiki hii sitaandika juu ya masomo ya watoto kama nilivyozoea. Nitaandika juu ya shali, kwa sababu wengi wenu mmeniuliza njiani ile ya rangi ya dhahabu ninayovaa niliinunua wapi. Sikuinunua. Tena ndani yake kuna hesabu ambayo nataka tuifanye pamoja.

Kroshe si kitu kipya kwetu. Ingia saluni yoyote ya Kadutu au Bagira, utakuta viti vimevikwa napu nyeupe, na juu ya televizyo napu nyingine ndogo. Wazee wetu walijifunza kwenye fuaye sosiali za wakati wa Wabelgiji, zile za miaka ya 1940 na 1950. Ya Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, ilijulikana sana. Walifundishwa kupika, kufua, kupiga pasi, kushona na kufuma, ili wawe wake wanaofaa kwa makarani. Bibi yangu mzaa mama alifuma napu mpaka macho yakamchoka. Zilikuwa nzuri kabisa, lakini zilikaa kwenye kiti, mgeni akazisifu, basi. Hazikumpasha mtu joto. Mimi naona kroshe ishuke kwenye viti, ipande mabegani.

Na tusidhani ufundi wa uzi na rangi uliletwa na wazungu. Kule Kasai, Wakuba wanafuma vitambaa vya rafia tangu zamani: wanaume wanafuma, wanawake wanatarizi juu yake, na rangi nyekundu wanaitoa kwenye unga wa mti wanaouita tukula. Hawakungoja mtu awaonyeshe.

Sasa uzi. Madonge yanayouzwa sokoni kwetu mengi ni ya akriliki, yaani plastiki iliyovutwa ikawa uzi. Ni laini, rangi zake kali, na halikatazwi. Lakini ukitaka kulitia rangi mwenyewe kwa majani na maganda, utachoma makala bure. Akriliki haishiki rangi ya mmea hata ukiipika siku mbili. Kinachoshika ni sufu ya kondoo. Pamba nayo inashika, ila inataka kazi zaidi, kwa hiyo anayeanza aanze na sufu.

Sufu tutaitoa wapi, na kondoo wetu si wa manyoya marefu? Kwenye mitumba, mama. Tafuta triko kubwa la mwanaume, lile ambalo wengine wanalipita kwa sababu kiwiko kimetoboka. Soma karatasi ndogo ya ndani: kama imeandikwa « 100 % laine », umepata. Kama karatasi imekatwa, chomoa kipande cha uzi kwenye pindo ukichome kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua, na majivu yake yanasagika kati ya vidole. Pamba inanuka karatasi. Akriliki inayeyuka, inaacha shanga ngumu nyeusi, nayo subiri ipoe kabla hujaigusa. Angalia pia mishono ya ubavuni. Kama vipande vilifumwa kila kimoja peke yake kisha vikaunganishwa kwa uzi, utakata uzi wa mshono tu na triko lote litafumuka kwa mstari mmoja mrefu. Kama vilikatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine ya kuzungushia ukingo, rudisha. Utapata vipande vifupi vifupi vya kukutia uchungu.

Triko langu nililipa franka 5 000. Lilitoa gramu 350 za uzi, na shali moja inakula kama gramu 300.

Fumua pole pole ukizungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, halafu ufunge kishada sehemu nne kwa uzi mwingine, bila kukaza. Ukikaza, rangi haitaingia pale na utapata madoa meupe. Wengine wanayapenda, wanayafanya makusudi. Osha kwa sabuni kidogo na maji ya vuguvugu, ning'iniza na kitu kizito chini ili mawimbi ya uzi yanyooke.

Rangi inataka dawa ya kuishika, na dawa hiyo ni shabu, lile jiwe jeupe ambalo vinyozi wanapaka kidevuni na watu wengine wanasafishia maji ya kisima. Chukua gramu 10 kwa kila gramu 100 za uzi, kwa hiyo kwa shali moja gramu 30. Saga, yeyusha katika maji ya moto, jaza maji kwenye sufuria, tia uzi uliokwisha kuloweshwa, uweke juu ya mbabula yenye moto mdogo kwa saa moja. Yasichemke. Maji yatoe moshi, lakini yasiruke. Kisha ondoa, acha uzi ulale humo humo mpaka asubuhi. Sufuria hiyo isirudi tena kwenye sombe wala bugali. Tafuta moja ya zamani, iandike kwa rangi hata mtoto aitambue, na watoto wadogo wakae mbali na moto.

Maganda ya vitunguu ndiyo rangi ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ni takataka. Kila mama anayatupa. Yapime kwa kilo kama uzi wako, au hata nusu yake. Yachemshe saa moja, chuja, acha maji yapoe yawe vuguvugu, ndipo uzi uingie. Pandisha moto polepole tena, dakika 45 au saa moja, acha upoe ndani. Utatoka wa dhahabu, na maganda yakiwa mengi, wa machungwa yanayoelekea hudhurungi. Ukitia ndani ya maji hayo misumari michache yenye kutu, dhahabu inageuka kijani cha giza kama majani makavu. Ndiyo maana sufuria ya chuma haifai kama hutaki giza hilo.

Maganda na mbegu za avoka yanatoa rangi ya waridi, jambo ambalo hakuna anayeliamini mpaka aone. Majani ya mkaratusi yanatoa machungwa. Majani ya chai yanatoa rangi ya mchanga. Manjano ya kupikia yanapendeza siku ya kwanza, halafu jua linayala. Na betirave, wamama, inadanganya: maji yake ni mekundu kama damu, uzi ukitoka unasuuza mara mbili, hakuna kitu. Tule betirave zetu kwa amani.

Jambo moja nalirudia kwa sababu ndilo linaloharibu kazi za wengi: sufu haipendi kushtuliwa. Ukiitoa kwenye maji ya moto ukaitupa kwenye ya baridi, au ukiikoroga kama bugali, nyuzi zinashikana zinakuwa blangeti. Suuza kwa maji yenye joto lile lile, kamua kwa kuminya, usisokote, anika kivulini.

Tuje kwenye sindano. Anayeanza achukue sindano ya kroshe namba 5 au 6, nene. Zile nyembamba zilizochongwa toka njiti za gurudumu la baiskeli tuwaachie mafundi wa napu. Mchana wa kwanza wote ni mnyororo tu: kitanzi, vuta uzi upite ndani, kitanzi, vuta. Usione haya kufumua. Mikono mipya inakaza uzi kama mtu anayefunga mbuzi. Baada ya mnyororo, bridi: zungusha uzi mara moja juu ya sindano, ingiza, vuta, sasa una vitanzi vitatu, vuta kupitia viwili, vuta tena kupitia viwili. Mtu akijua mnyororo na bridi anajua shali nzima.

Fanya minyororo 4, ifunge iwe pete. Panda kwa minyororo 4, hiyo ni bridi moja na nafasi yake. Ndani ya pete weka bridi 3, minyororo 2, bridi 3, mnyororo 1, bridi 1. Huo ni mstari wa kwanza, nao una mafungu mawili. Geuza. Panda minyororo 4, weka fungu la bridi 3 katika tundu la kwanza, mnyororo 1, nenda tundu linalofuata. Katika tundu la katikati, lile la minyororo 2, weka mafungu mawili, na kati yao minyororo 2. Endelea mpaka tundu la mwisho, fungu moja, mnyororo 1, bridi 1 ukingoni. Geuza tena. Kila tundu fungu moja, katikati mafungu mawili, mwisho wa habari.

Nimeichagua hii kuliko nyingine kwa sababu haihitaji kuhesabu wala kusoma. Katika kikundi chetu cha Jumamosi wako wamama wanne ambao hawakufika shuleni, na mmoja wao sasa ndiye mwepesi kutushinda sote. Macho yanaona tundu, mkono unalijaza. Pembe tatu inakua yenyewe toka shingoni kwenda chini, na unaweza kusimama mahali popote: mistari 20 ni shali ya mtoto, mistari 40 ni ya mama. Uzi wa dhahabu ukiisha, unaunga wa waridi. Hakuna anayejua kwamba uliisha.

Lakini mimi ni mwalimu, siwezi kuacha kuhesabu. Mstari wa kwanza mafungu 2, wa pili 4, wa tatu 6. Mstari wa 40 una mafungu 80. Jumlisha yote: mafungu 1 640. Zidisha mara 3: bridi 4 920. Nilijipima kwa saa, nafanya bridi 10 kwa dakika moja mtoto asiponiita. Ni dakika 492, saa 8 na kitu. Ongeza saa 4 za kufumua, kuosha na kukaa kwenye moto. Saa 12, na hiyo ni kwa mkono uliozoea.

Hesabu hii sikuifanya mimi wa kwanza. Aliifanya binti mmoja niliyemfundisha hesabu katika darasa la 7 na la 8. Alifika mwaka wa 3 wa humaniti, akapata mimba. Shule aliyokuwa akisoma haikumwandikia barua yoyote. Walimwambia tu akae nyumbani kwanza, na hilo « kwanza » halikuwa na mwisho. Mama yake anauza vitunguu Kadutu. Tangu tumbo lilipoonekana hakumfukuza, hakumpiga, ila aliacha kusema naye. Sahani inawekwa mezani, maji yanawekwa mlangoni, neno hakuna. Mtoto alizaliwa akapewa jina na shangazi.

Binti alianza kuja Jumamosi na mtoto mgongoni, akiitafuta shali ya kumfunika. Alijifunza haraka. Shali ya pili akaipeleka kwenye duka moja mjini linalouza vitu kwa wageni. Wakaipapasa, wakaisifu, wakasema franka 15 000. Akarudi nayo chini ya mkono, akaja moja kwa moja darasani tulipokuwa tumekaa, akachukua chaki.

« Madamu, ngoja nikuonyeshe. »

Triko 5 000, shabu 1 000, makala 2 000. Jumla 8 000. Aliandika 15 000, akatoa 8 000, akabaki na 7 000. Akagawa kwa 12. Ubaoni ikabaki franka 583 kwa saa moja, akaizungushia duara kama nilivyokuwa nawazungushia majibu yao.

« Naomba 35 000, » akasema. « Ni 2 250 kwa saa. Hata hiyo si nyingi. »

Darasa likagawanyika. Wamama wengine walipiga makofi. Lakini mama mmoja wa mapacha, ambaye wiki ile ile alikuwa ameiuza yake kwa 15 000 hiyo hiyo, alisimama akasema maneno ambayo sote tuliyasikia vizuri: « Mtoto hali duara la chaki. Nyumbani hapakuwa na unga. Wewe una mama anayeweka sahani mezani, hata kama haongei. Mimi ninaweka mwenyewe. »

Hakuna aliyemjibu haraka, na ndivyo ilivyofaa. Wote wawili walikuwa na haki. Bei ya chini si ujinga wa mwanamke, ni njaa yake, na mnunuzi anaijua saa ya njaa kuliko sisi tunavyoijua bei ya kazi yetu. Nilisoma kwamba huko Ireland, wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1840, familia nyingi ziliponea kroshe ya wanawake, kola na lesi zilizouzwa mbali. Mpaka leo kroshe haina mashine. Triko inafumwa kiwandani, lakini kroshe ya kweli inatoka mkononi mwa mtu. Mnunuzi asiyeweza kuipata kwa mashine anabaki na njia moja tu ya kuipata rahisi: kumkuta mama siku ambayo hana unga.

Kwa hiyo tulichokiamua Jumamosi ile hakikuwa kuweka bei ya lazima, kama wengine walivyotaka. Bei ya lazima ingemwangukia mama wa mapacha peke yake. Tuliamua kwamba kasha jekundu la MUSO yetu, lile la mshikamano, ambalo tunalifungua kwa ugonjwa na kwa msiba, lifunguliwe pia kwa mwenye shali iliyokwisha ambaye hana cha kula. Anakopa 15 000 bila faida, shali inabaki kwake, anarudisha ikiuzwa. Wazee wawili hawakupenda. Walisema kasha la msiba si la biashara. Mimi naona unga kukosekana ni msiba mdogo, na bora tuuzuie kabla haujawa mkubwa. Limefunguliwa mara tatu. Mara mbili fedha zimerudi. Ya tatu tunangoja, na mwenyewe anajua kwamba tunangoja.

Shali ya binti ilikaa wiki saba. Kisha muuguzi mmoja akainunua kwa 35 000 bila kubishana, na ya pili ikanunuliwa kwa 30 000 na mama wa ubatizo aliyetaka kumvika mtoto wake wa kiroho. Fedha hizo ziko kwa mtunza fedha wetu, kwenye bahasha yenye jina lake. Masomo yanaanza mwezi wa 9. Kuna shule nyingine ambayo mkuu wake amekubali kumpokea. Bado sare na daftari, bado mtu wa kumshika mtoto asubuhi, na mbele kabisa kuna gharama za mtihani wa Serikali. Bahasha haijatosha. Ana shali nyingine mkononi, mistari 26 nilipoiangalia mwisho.

Mtaniuliza maganda yote hayo tunayapata wapi. Mwezi wa 5, Jumamosi moja, tulikuta mfuko wa kilo 50 umeegemezwa mlangoni kwa darasa, umejaa maganda makavu ya vitunguu, yamepepetwa, hakuna hata udongo. Hakuna aliyesema ameuleta. Wiki mbili baadaye mfuko mwingine. Binti aliutazama fundo lake, lile fundo la kamba ya bluu, akaufungua bila kusema kitu, akaanza kupima.

Jumamosi iliyopita mama muuza vitunguu alikuja na mfuko wa tatu saa ambayo sote tulikuwa ndani. Alisalimia wote kwa pamoja. Mtoto alikuwa analia kwenye mkeka, akamwinua, akamfunga mgongoni kwa kikwembe chake, akasimama dirishani kama mtu anayepitisha wakati. Binti alibaki anafuma, kichwa chini. Hawakusemezana. Lakini mtoto alipolala, mama yule alisogea kwenye kiti changu akaniuliza kwa sauti ndogo: « Mwalimu, ile pete ya kwanza inafungwaje? »

Nikampa sindano namba 6 na uzi mnene.

Jumamosi inayokuja tunapika avoka. Leteni maganda na mbegu, zimeoshwa, zisiwe na nyama, na kila mmoja aje na makala yake kidogo. Tunaanza saa nane mchana.